Jibu Nililompa Manju

Nilisema neno moja tu, na kwa neno hilo nikamnyima mwanamke wa miaka sabini na sita heshima ya baba yake. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Watu wakisikia kazi ya nyumba yetu hutikisa vichwa, wakasema lo, ninyi ndio mnaotutunzia historia. Historia haitunziki kirahisi hivyo. Inataka mtu aliyelala vizuri.

Baba yangu ni manju. Anapiga zeze na kuimba mambo yaliyotokea, kama alivyofanya baba yake. Wimbo wetu mkubwa ni wa machimbo ya mawe yaliyokuwa juu ya mtaa wetu. Miaka sitini na miwili iliyopita mwamba uliporomoka kabla ya saa ya chakula ukaua watu arobaini na mmoja. Kampuni iliandika thelathini na wanane, maana watatu walikuwa vibarua wa siku ile tu, hawakuwa kwenye daftari. Baadaye kampuni ilifungwa, daftari likapotea, na kilima chenyewe kikasawazishwa. Leo pale pana gereji na duka la mabati. Ukitaka kuwajua wale watu, huna pa kwenda ila kwa baba.

Amewashika wote, kila mmoja na ubeti wake, kwa majina waliyoitana kazini. Yumo Kipara, yumo Maneno Mengi, wamo Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo ambao hawakuwa hata ndugu. Yumo Bwana Samahani, aliyekuwa akiliomba jiwe radhi kabla hajalipiga nyundo. Wimbo huchukua saa moja na nusu. Huimbwa mara moja kwa mwaka penye lango la zamani, na wenye gereji huwa waungwana, huzima mashine zao mpaka tumalize.

Lakini manju haimbi peke yake. Lazima awe na mwitikiaji, na mwitikiaji wa baba ni mimi, tangu nina miaka kumi na tisa. Kila ubeti ukiisha natakiwa kujibu, na majibu ni matatu tu. Nikisema "Ndivyo," ubeti umepita. Nikisema "Sivyo," namrekebisha papo hapo, naye hana ruhusa ya kubishana. Lazima auimbe upya kama nilivyosema. La tatu ni "Kwa nani?" Hilo ni la pale manju anapoleta jambo ambalo sijapata kulisikia. Nikiuliza hivyo anasimamisha nyuzi, anasema habari ile ameipata kwa nani, na aliyempa naye aliipata wapi. Babu alikuwa akisema ndivyo na sivyo hata kasuku anaweza, mwitikiaji hasa anajulikana kwa lile la tatu.

Basi mimi niliacha kulitumia.

Ilianza miaka mitatu iliyopita. Baba alimweka Kipara mahali pa mtu mwingine, nami nikauliza kama kawaida, "Kwa nani?" Vidole vikabaki juu ya nyuzi, macho yakizunguka kama ya mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Watu wakaanza kukohoa. Jasho lilimtoka mzee wa watu mpaka kola ikaloa. Nilipomfikisha nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Mwanangu, leo umenivua nguo."

Toka siku ile nikaona nimsitiri. Alipokosea nilisema "Sivyo," nikampa ubeti wake wa siku zote, akaudaka, tukaenda. Mwaka wa kwanza makosa yalikuwa mawili. Mwaka uliofuata, tisa. Watu walisifu, wakasema siku hizi mnaitikiana kwa kasi kweli. Hata sikuwa nasikiliza tena. Mimi napiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimesimama. Nikirudi namwogesha baba, namlisha, namjibu mara nane kwamba leo ni Jumanne. Kaka yangu yuko mbali, anatuma salamu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyechoka hivyo hupenda kazi anayoweza kuifanya bila kufikiri.

Sasa nikupe ubeti wa ishirini na saba, ndio wenye kesi.

*Fundi Baruti, mkono mwepesi,*
*kiberiti aliwasha, filimbi hakupiga,*
*wenziwe wakafunikwa wangali na nyundo.*

Ndivyo ulivyoimbwa toka mwanzo. Fundi Baruti ndiye aliyekuwa akitega milipuko. Kazi yake ilikuwa kupiga filimbi watu watoke, kisha kuwasha. Wimbo unasema aliwasha bila filimbi, akawaua wenzake, akafa nao. Aliacha mke na binti wa miaka kumi na minne.

Binti huyo ndiye Bi Zipu. Mtaa mzima unamjua. Ana kidirisha chake mtaa wa posta, anabadilisha zipu za mikoba, suruali na majaketi. Utotoni walimwita Mtoto wa Kiberiti. Akaolewa, na mume alipokasirika alimwita hivyo hivyo. Mwaka hata mwaka tulimwimba baba yake kwa sauti penye lango, yeye akiwa nyumba ya nne kutoka hapo, dirisha limefungwa. Hakuwahi kuja, wala hatukuwahi kumwendea. Mimi zipu zangu nilizipeleka kwa mshonaji mwingine, mbali zaidi na mbovu zaidi, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni. Hiyo nayo ni sehemu ya historia, ila haina ubeti.

Mwaka huu ikaja barua kutoka ofisi ya kumbukumbu. Walitaka kurekodi wimbo wote, uwekwe, watu wausikilize hata sisi tukishaondoka. Nilifurahi, nisiwe mwongo. Nilifurahi kama mtu aliyebeba gunia muda mrefu akaoneshwa mahali pa kulitua. Nikasema, wakishaurekodi, siku baba akisahau kila kitu wimbo utakuwa umeshafika salama, nami nitalala.

Wiki ile baba alitoroka mara mbili. Nilirudi kazini nikakuta mlango uko wazi na fimbo yake haipo. Mara ya pili jirani akaniambia amemwona mtaa wa posta amekaa kwenye kiti cha mtu. Nikajua amepotea. Alipoingia nilimfokea kama mtoto.

"Baba, unataka nikufungie kwa kufuli?"

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani? Kazi yako ni kukaa."

Alinitazama, akafungua mdomo, kisha akaomba maji. Nami sikuuliza zaidi. Nilikuwa na nguo zake za kupiga pasi kwa ajili ya siku ya kurekodi, pasi juu ya pasi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa zulia, feni imezimwa ili isiingie kwenye sauti. Fundi mitambo alikuwa kijana mpole mwenye vidude vikubwa masikioni. Alituwekea vipaza sauti viwili, baba chake, mimi changu. Nyuma yake ukutani palikuwa na viti vitatu vya wageni. Kwenye kimoja alikuwa amekaa Bi Zipu.

Nilishtuka. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi lililonyooshwa, hereni, viatu vya kufunika vidole, mkoba magotini ameushika kwa mikono miwili. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ndogo. Nilidhani ofisi imewaalika watoto wa marehemu wote na wengine wamepuuza. Nikamwonea huruma kwamba leo tena atasikia baba yake akitukanwa, safari hii bila dirisha la kufunga. Nikaamua ubeti ule nitaupitisha upesi.

Baba alianza vizuri kuliko miaka yote. Sauti ilikuwa imechakaa lakini haikuyumba. Kipara akapita, Maneno Mengi akapita. Penye Pacha Mdogo akateleza, nikasema "Sivyo," nikampa, akapokea. Penye Bwana Samahani fundi mitambo alitabasamu. Chumba kilikuwa na joto la tanuri, miguu yangu imevimba, nami nahesabu beti zilizobaki kama mfungwa anavyohesabu siku. Tukafika ishirini na saba. Baba akanyanyua kichwa, akamtazama Bi Zipu badala ya kunitazama mimi, akaimba:

*Fundi Baruti, pumzi ndefu,*
*filimbi alipiga, msimamizi ndiye aliyewasha,*
*akarudi kuwaita wenziwe, akafa akipuliza.*

Nataka uelewe nilichosikia. Sikusikia habari mpya. Nilisikia mzee amepotea njia tena. "Sivyo," nikasema, hapo hapo, bila kuvuta pumzi. "Kiberiti aliwasha, filimbi hakupiga."

Zeze likanyamaza. Baba akanigeukia, na midomo yake ikajaribu kitu. Kanuni ilimkataza kubishana, yeye ndiye aliyenifundisha kanuni hiyo. Mimi nikamkonyeza, Mungu anisamehe, nikamkonyeza kama ninavyofanya nikitaka ajue kwamba nimemsitiri. Akainamisha kichwa akauimba ule wa zamani. Mkono mwepesi, kiberiti aliwasha. Nikasema "Ndivyo." Tukaendelea mpaka wa arobaini na mmoja.

Tulipomaliza kile kiti kilikuwa kitupu. Fundi mitambo alisema yule mama alitoka taratibu katikati, akaufunga mlango kwa adabu usipige kelele. Alituvulia vidude vyake akatupongeza. Alisema hasa alipenda pale ninapomrekebisha baba, panaonesha jinsi tunavyolinda ukweli.

Ndani ya teksi baba alitazama nje mpaka tukavuka soko. Kisha akasema, "Mbona hukuniuliza kwa nani?"

"Kuhusu nini, baba?"

"Fundi Baruti. Nilikuwa nangoja uniulize. Ningekuonesha kwa kidole, alikuwa amekaa pale pale."

Akanieleza kwa utulivu, hana hata chembe ya usahaulifu, kama vile siku hiyo alikuwa amekopeshwa kichwa chake cha zamani. Wimbo ulipoimbwa mara ya kwanza manju alikuwa babu, na mwitikiaji alikuwa yeye baba, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Msimamizi wa machimbo alisimama mstari wa mbele, mikono kifuani. Babu akaimba kwamba fundi hakupiga filimbi. Baba hakuwa amelisikia jambo hilo kwa mtu yeyote, ilimpasa aulize. Akamtazama msimamizi, akakumbuka nani anaajiri nani mtaani, akasema "Ndivyo." Ubeti ukapita. Ukapita miaka sitini na miwili.

"Sasa nikasema kabla sijafa niende kwa mtoto wake," baba akasema. "Nilimkuta kidirishani. Nikamwambia, wewe ndiye hukuwahi kuulizwa. Akanisimulia. Mama yake ndiye aliyeuosha mwili. Filimbi ilikuwa bado mdomoni, ameing'ata. Na kibarua mmoja aliyenusurika aliwaeleza nani aliwasha, kisha akahama. Nikamwambia njoo siku ya mashine, utasikia."

"Baba, kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Manju hamwambii mwitikiaji kabla. Akimwambia, wamekula njama." Akavuta pumzi. "Mimi siku ile niliogopa. Wewe ulikuwa na nini?"

"Nilikuonea huruma."

Akacheka kidogo bila furaha, akaegemea kioo akalala.

Nilikwenda ofisi ya kumbukumbu kesho yake wakati wa mapumziko, na sare ya dobi mwilini. Nikamwomba fundi mitambo aifute sauti yangu penye ubeti ule. Akanisikiliza vizuri. Akasema kunifuta mimi anaweza, lakini baba mwenyewe ameuimba ule wa zamani baada yangu, kwa mdomo wake, na yeye hana mamlaka ya kumkata manju. Njia iliyo safi ni kumrudisha manju auimbe tena ubeti ule mmoja. Alitupa nafasi Alhamisi.

Siku zile nilimlea baba kama yai. Nilimwacha alale, nilimpikia anachopenda, sikumuuliza kitu nisije nikamchosha. Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikamvalisha, nikambebea zeze. Nikampitia na Bi Zipu kidirishani, alikuwa amefunga. Nikasema tutamletea habari njema baadaye.

Fundi mitambo akawasha mashine. Baba akapapasa nyuzi, akaanza, sauti safi kabisa:

*Fundi Baruti, mkono mwepesi,*
*kiberiti aliwasha, filimbi hakupiga...*

Aliumaliza wote. Akanitazama anangoja, mtulivu kama mtu aliyefanya kazi yake. Wiki nzima ilikuwa imefutika kichwani mwake, kidirisha, kiti, filimbi na yote. Ningeweza kusema "Sivyo," nikampa ule mpya, akaurudia kama alivyozoea kurudia kila nilichompa. Nilikuwa nao, ulimi umeshaubeba. Lakini ubeti ule ungekuwa wangu, nimemwekea mzee mdomoni, na nilikuwa nimeshamwekea vya kutosha. Basi nikafanya nilichotakiwa kufanya wiki iliyotangulia.

"Kwa nani?" nikauliza.

Uso wake ukakunjuka. Alikuwa na jibu, na furaha ya kuwa na jibu ilimjaa mpaka machoni.

"Kwa baba yangu," akasema. "Nami ndiye niliyemwitikia."

Fundi mitambo akanitazama juu ya mashine yake. Taa nyekundu ya kurekodi bado ilikuwa inawaka. Nikalia, sikuona haya, na baba akanipapasa mgongo akiniuliza nani ameniudhi.

Kwa Bi Zipu nilikwenda Jumamosi, peke yangu. Alikuwa anang'oa zipu ya begi la shule, meno ya zipu yametapakaa mezani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kile kiti alichokalia baba. Nikamweleza yote bila kujipunguzia: huruma yangu, uchovu wangu, Alhamisi, jibu la baba. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuma uzi, akaukata.

"Ile siku nililivaa gauni la kijani," akasema. "Nilikuwa nimeliweka miaka mingi, sina pa kulivaa."

"Nisamehe, mama."

"Na filimbi nilikuwa nayo mkobani. Baba yako alisema utauliza, na ukiuliza niitoe niiweke mezani. Nilikuwa nimeshafungua mkoba."

Nikamwambia bado tunaweza. Aje yeye mwenyewe na filimbi, aseme kwa mdomo wake, nitamwomba fundi mitambo atuwekee nafasi nyingine, nami nitaimba ubeti mpya mwaka huu penye lango hata kama watu watanizomea. Nilisema mengi. Alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafika nusu.

"Hapana, mwanangu. Nimewangojea miaka sitini na miwili, nikaja mara moja. Sina ya pili." Akasogeza begi karibu na mwanga. "Nataka kitu kimoja tu. Mtoeni. Msimwimbe kwa uzuri wala kwa ubaya. Aondoke hapo, anipumzikie."

"Mama, tukimtoa atasahaulika."

"Na hicho ndicho ninachokuomba."

Katika nyumba yetu hakuna aliyepata kuombwa jambo kama hilo. Tumefundishwa kuzuia mtu asipotee; namna ya kumwachia hatukufundishwa. Nilitafuta neno la kumkatalia nikaona sina haki nalo. Nikamwambia nitamtoa. Akanishukuru, akauliza hali ya baba, nikasema hajambo kidogo. Akataka kujua kama koti nililovaa zipu yake inafunga, akaijaribu kwa vidole vyake, akasema hii bado nzima.

Mwaka huu tutaimba watu arobaini. Nimeshaanza kujizoeza nikipiga pasi, natoka wa ishirini na sita naingia wa ishirini na nane, na kila mara mdomo unasita pale katikati. Jumamosi ile niliporudi nyumbani baba aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia sokoni.

"Ndivyo," akasema, akaendelea kukaza nyuzi za zeze lake, na mimi nikaenda kuteka maji ya kumwogesha.